Samaki wa Sebuleni na Chumvi Yao

Niliomba chumvi.

Hilo lilikuwa neno langu la kwanza tangu kikao kianze, na jamaa wote waliokaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi walitazamana kana kwamba nimemtukania mtu mama yake. Mbele yangu palikuwa na kimeza chenye kitambaa cha kufuma, juu yake sahani ya bati, na ndani ya sahani samaki mmoja mdogo aliyekaangwa kwa mawese, mkia umejikunja. Pembeni waliweka bonge la lituma, ndizi iliyochemshwa ikatwangwa, maana hapa kwetu Kisangani hata mtu anayeshitakiwa uchawi hapewi samaki mtupu. Tuna adabu zetu.

"Chumvi ya nini?" akauliza shemeji yangu. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu: mwenye nyumba, mwenye kikao, mwenye samaki.

"Ya kulia. Hii samaki haina chumvi."

"Alors, mumupatie. Asiende kusema kesho tulimutesa."

Wakaleta mfuko mzima kutoka jikoni. Nikautazama ule mfuko nikataka kucheka, nikajizuia, kwa sababu mwanamke anayecheka kwenye kikao cha namna ile amejimaliza. Chumvi hiyohiyo ilikuwa imekatazwa kuingia sebuleni wakati samaki walikuwa bado wanaogelea. Sasa imeruhusiwa. Imefika salama, ila imefika kwenye sahani.

Sharti alilitoa tonton wao mzee, ndugu wa baba mkwe wangu, aliyekuja kwa moto, pikipiki ya kukodi, tangu mtaa wa Mangobo na koti lake la misa.

"Mama, sikia vizuri," akasema. "Kama hauko na kitu na kifo ya hizi samaki, kula moja mbele yetu. Ukikula na hakuna kitu inakupata, tunakuomba pardon, unabaki kwa chumba yako. Ukikataa, unabeba vitu yako leo."

Chumba hicho ndicho nilichokuwa nacho duniani. Kwa hiyo nikala. Samaki mwenyewe nilimjua, nilimlisha kwa mikono yangu hii, na alikuwa na miiba kila mahali, miiba ya mgongoni na ya mashavuni, kiumbe aliyeumbwa asiliwe na mtu yeyote. Nikatafuna taratibu, nikatoa miiba kwa vidole, nikaipanga ukingoni mwa sahani. Lituma nililimaliza pia, nilikuwa na njaa. Wakanisubiri nianguke. Tonton alitazama saa yake, akatazama mdomo wangu, akatazama saa tena. Sikuanguka. Nilicheua kidogo, nikasema pardon.

Ndipo mke wa shemeji akasimama, akafunga kitenge chake upya kiunoni, jambo analofanya kila anapotaka kuua.

"Batu ya jamaa, munaona?" akasema. "Samaki yenye ilikufa na ugonjwa ya kuua wenzake yote, huyu anaikula kama mukate! Hata tumbo haimuumi! Mutu wa kawaida anaweza?"

Halafu nikawasikia wakivuta pumzi mmoja mmoja, kama watu wanaoelewa hesabu. Ningekataa, mimi mchawi. Ningeanguka, mimi mchawi. Nimekula na kushiba, basi hapo hakuna tena wa kubisha. Nilijihukumu kwa meno yangu mwenyewe.

Sasa acha nirudi nyuma, kwa sababu huku ng'ambo ya mto, Lubunga, ninakouza pondu, majani ya muhogo, siku hizi, watu wanapewa nusu ya habari: yule mama aliua samaki wa shemeji yake. Nusu ya pili hawapewi. Mimi shule niliachia njiani, sikumaliza hata ile ya wadogo, siandiki kama mwalimu. Lakini nani alisema nini, hilo nalikumbuka, na kila mmoja nitampa lake. Majina siyaandiki. Wenyewe wanajijua, na majirani wanawajua zaidi.

Chumba chenyewe kilikuwa annexe, nyuma ya jiko, ukuta mmoja na stoo ya makala, makaa ya kupikia. Lopango lote, yaani kiwanja chenye ua, lilikuwa la baba mkwe wangu, nyumba kubwa mbele, annexe nyuma, mti wa matunda ya safu katikati. Mume wangu alipofariki, shemeji alisimama kwenye matanga, akalia kwa sauti, akasema mke wa ndugu yake hatalala nje maadamu yeye yuko hai. Watu walimpigia makofi. Kweli, sikulala nje. Nililala nyuma ya jiko, nikawa nafua, napika, nateka maji, na mvua ikinyesha nalala na beseni juu ya tumbo. Watoto wangu walikwisha kutawanyika, mmoja Kinshasa, mmoja Buta, kila mmoja na shida zake. Sikulalamika. Mimi ni mtu niliyelala chini ya kitanda zile siku majeshi ya nchi mbili jirani yalipokuja kupigania mji ambao si wa mama yao, mabomu yakipita juu ya mabati yetu kama yana haraka ya kwenda sokoni. Nilitoka hai. Mtu wa namna hiyo hasumbuliwi na beseni. Mabomu yalinikosa, nikaja kupatikana na samaki mdogo kuliko kidole changu.

Akwarium ililetwa na shemeji alipopandishwa cheo pale ofisini kwake serikalini. Wenzake hununua viti vya ngozi. Yeye alisema viti kila mtu anavyo. Akaleta sanduku la kioo, refu kama jeneza la mtoto, na taa, na pampu ya kupuliza hewa, akaliweka sebuleni chini ya picha yake ya kufunga ndoa. Samaki aliwanunua kwa wavuvi wa maporomokoni, samaki wetu wa mtoni: wenye mistari, mmoja mwenye mdomo mrefu kama mkonga wa tembo, na mmoja wa jamii ya kambare, mwenye madoa, anayeogelea tumbo juu. Huyo ndivyo Mungu alivyomuumba. Wageni wote walimwona wakasikitika.

"Ah, shemeki, hii moja imekufa."

"Haijakufa," nikawajibu kila mara. "Iko inaangalia mbingu."

Kazi ya kuwatunza nilipewa mimi, bila mtu kuniuliza. Niliteka maji, nikayaacha kwenye beseni yapoe na kutulia kabla ya kuyamimina. Niliokota viluwiluwi vya mbu kwenye tairi bovu nyuma ya choo, nikawalisha. Umeme ukikatika, na hapa umeme ukikatika hauagi, pampu inanyamaza na samaki wanapanda juu kufungua midomo kama watu wa kwaya. Hapo nilichota maji kwa kikombe, nikayamwaga kutoka juu, nikachota tena, nikamwaga tena, ili hewa iingie, mpaka mkono ukafa ganzi. Mke wa shemeji alinipita na simu yake sikioni, akasema kwa mtu wa upande wa pili: "Hapana, haiko pompe. Iko mama wa annexe."

Siwezi kusema sikuwapenda wale samaki. Walikuwa watu pekee mle ndani ambao nikiingia wanakuja.

Basi, shemeji akatumwa Kinshasa kwa kazi. Aliporudi, alishuka kwenye ndege na mfuko wa plastiki mkononi, umefungwa kwa mpira, ndani yake maji na samaki mmoja mwekundu, mnene, wa dukani, mwenye mkia kama gauni la bibi harusi. Alivuka uwanja mzima wa Bangboka amemshika kifuani. Masanduku yake yalibebwa na watu, samaki alibebwa na yeye.

Siku ileile alikuwepo daktari wa mifugo, mtu wa serikali anayechanja mbuzi na mbwa, rafiki yake wa kunywa naye. Sisi tunamwita munganga wa nyama, kwa kuwa kwetu mnyama yeyote, hata yule asiyeliwa, ni nyama. Huyo daktari alimtazama mgeni, akasema jambo moja la akili. Namsifu kwa hilo, kwa kuwa baadaye sitamsifu.

"Muweke kwanza ndani ya ndoo, peke yake. Umuangalie kwanza. Usimuchanganye na ile ingine."

Shemeji akakasirika kama ametukanwa ukoo.

"Docteur! Mugeni anatoka Kinshasa na avion, weye unasema alale ndani ya ndoo, inje, kama bata? Kwetu mugeni hapitie mulango ya nyuma."

"Ah, bon," akasema daktari, akamimina bia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei. Nilisikia vizuri: mgeni hapiti mlango wa nyuma. Mimi mlango wa mbele nilikuwa naupita siku ya kuupiga deki. Yule samaki akamiminwa sebuleni pamoja na maji yake ya Kinshasa, na wote wakapiga makofi. Huo ndio mlango uliofunguliwa, na aliyeufungua namtaja wa kwanza: shemeji yangu. Kila jambo lingine lilipitia hapo.

Hazikupita siku nyingi, mgeni akaanza kuwa na vitone vyeupe mkiani. Vidogo, kama mtu amempulizia unga wa muhogo. Mke wa shemeji alivipenda kama vimetameta vya gauni.

"Paillettes!" akasema. "Munaona samaki ya Kinshasa? Ata mwili yake inavaa."

Halafu wenyeji nao wakavaa. Kwanza wenye mistari, kisha yule mwenye mkonga, kisha rafiki yangu wa tumbo juu. Mke wa shemeji akafurahi zaidi, akasema hata samaki wa mtoni wanajifunza mtindo wa mji mkuu. Lakini mimi niliwaona wanajikuna. Samaki hana mikono, anapita mbio na kujisugua kwenye jiwe, anageuka, anajisugua tena, kama mtu aliyekaa kwenye upupu. Chakula wakaacha. Nikasema, "Shemeki, hizi samaki zinagonjwa." Akachutama mbele ya kioo akiwa bado na tai ya ofisini, akatazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu mume wangu afe nikamwona anaogopa.

Daktari akaitwa tena. Hakuhitaji kuvaa hata miwani.

"Nilisema," akasema. Bia ikaletwa. Akaeleza, na alieleza vizuri, kidole kwenye kioo:

"Kale kadoa haiko doa. Iko nyama, mudogo sana, anaingia chini ya ngozi ya samaki, anakaa mule kama locataire mwenye hataki kutoka kwa nyumba ya batu. Mule ndani dawa haimufikie. Anakula, ananenepa. Akishiba, anaachia, anaanguka chini kwa mawe. Pale anajifunika, anajikata: moja inakuwa mbili, mbili inakuwa ine, mpaka mamia. Njo batoto banatoka, banatafuta samaki. Ile saa beko inje, njo saa chumvi inabaua. Donc, batoe uchafu ya mawe, baongeze maji ya moto kidogo-kidogo, batie chumvi kidogo, baendelee. Na siku munaona doa imepotea, musifurahi. Siku ile njo kazi inaanza."

Nilielewa, kwa sababu sikuwa naambiwa jambo geni. Nimeishi katika mji huu miaka yangu yote. Nimeona wakubwa wanateuliwa, wanaingia chini ya ngozi, wananenepa, wanaanguka. Siku wanapoanguka tunapiga ngoma barabarani. Halafu tunauliza hawa mamia wametoka wapi.

Shemeji akamsindikiza daktari hadi getini, akarudi akicheka.

"Chumvi! Miye minataka samaki ya kuangalia. Haiko makayabu."

Makayabu ni samaki wa chumvi, yule mkavu wa kuloweka. Kwetu chumvi tunamtilia aliyekwisha kufa. Hata mimi nilicheka kidogo, haki ya Mungu. Lakini nilikuwa tayari kutia. Nilimwambia hivyo, akasema tungoje mke wake amwulize mchungaji.

Huyo mchungaji ndiye wa pili ninayemtaja. Ana kanisa la mabati karibu na soko, na spika kubwa kuliko kanisa. Alikuja kwa moto, akala kuku mzima niliyempika mimi, akafuta vidole, akasimama mbele ya akwarium.

"Nani amesema chumvi?"

"Munganga wa nyama," akasema mke wa shemeji.

"Mama, chumvi iko mambo ya lile kanisa la ng'ambo. Bale banatia chumvi kwa mulango, banatia chumvi kwa kitanda, banatia chumvi kwa mafuta. Kwetu chumvi iko ya supu. Nikisikia chumvi imeingia kwa haya maji, musiniite tena."

Hivyo ndivyo samaki wetu walivyonyimwa dawa: kwa ugomvi wa makanisa mawili, kila moja na upande wake wa mto. Aliweka kiganja kwenye kioo, akaomba kwa nguvu mpaka maji yakatikisika, yule mwenye mkonga akakimbilia nyuma ya jiwe. Kisha akaamuru mfungo. Samaki nao wafunge. Nisiwape kitu mpaka aseme. Mimi nikamtazama, yeye mwenyewe mafuta ya kuku yangali kwenye kidevu.

Watu huniuliza kwa nini sikutia chumvi kwa siri. Ni swali la watu wenye nyumba zao. Ningetia, akafa samaki mmoja tu kwa bahati yake, leo mngekuwa mnaniuliza kwa nini nilitia.

Basi, sikilizeni muujiza. Samaki wakafunga, na asubuhi moja nikaja kuwasha taa nikakuta vitone vimepungua. Kesho yake havipo. Miili safi, inang'aa, hata mistari imerudi. Mke wa shemeji akapiga yowe mpaka majirani wakaja na mashuka, wakidhani ni msiba. Jumapili akapanda mbele kanisani kutoa ushuhuda, amevaa blauzi mpya ya kitenge, libaya yenye paillettes, akisimulia kilio na mfungo na kiganja cha mtumishi, na kanisa zima likasimama kumshangilia Bwana kwa ajili ya kambare. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nilikuwa nimesikia sauti ya daktari kichwani tangu asubuhi: siku doa linapopotea.

Nikafanya kosa ambalo si kosa. Tulipotoka ibadani, mbele ya akina mama, nikamwambia mke wa shemeji polepole:

"Mama mukubwa, tutie chumvi leo. Munganga alisema zitarudi nyingi."

Akanitazama kana kwamba nimemtemea.

"Weye unataka kuharibu ushuhuda yangu?"

"Hapana. Minasema tu yenye alisema."

"Zitarudi? Nani amekuambia zitarudi? Nani?"

Zilirudi. Yaani, nifanyeje, zilirudi. Na safari hii halikuwa vumbi la unga, lilikuwa gunia limepasuka. Samaki walikuwa weupe mpaka machoni, mapezi yamegandana, wanapumua kwa taabu kule juu, na kwa kuwa umeme una tabia zake, ulikatika wiki hiyohiyo. Nilikaa na kikombe changu, nachota, namwaga. Wenye mistari waliondoka kwanza. Mwenye mkonga alikufa amejificha nyuma ya jiwe lake, tulimwona kwa sababu ya harufu. Rafiki yangu alikuwa wa mwisho. Niliingia nikamkuta ametulia chini, tumbo chini, mgongo juu, kama samaki yeyote. Ndipo nikajua amekufa. Mgeni mmoja alipitia sebuleni akamtazama, akasema: "Bon, leo hii iko vizuri."

Yule mwekundu wa Kinshasa hakufa. Alipata vitone, akavua vitone, akanenepa. Alibaki peke yake kwenye sanduku lote, na siku ya kikao alikuwa nyuma ya bega la tonton, anafungua mdomo na kufunga, kama naye anatoa maoni.

Na kikao kilihitaji mkosaji kwa nini? Kwa sababu ya ushuhuda. Ungekuwa ugonjwa tu, basi wangetupa samaki chooni na habari imekwisha. Lakini Mungu alikuwa amekwisha kushukuriwa mbele ya watu kwa spika. Mungu hawezi kuwa amekosea, mchungaji hawezi, mama mwenye libaya hawezi. Lazima awepo mtu aliyeuharibu. Na nani alisema mapema kwamba zitarudi? Mchungaji alipoulizwa kwa simu alisema neno moja lenye hekima: "Mutafute ndani ya lopango."

Niliona mapema linakuja. Nilipanda toleka, kijana akakanyaga baiskeli mpaka ofisi ya yule daktari. Nilimkuta kivulini na gazeti. Nikamwomba aje kwenye kikao aseme yale aliyosema: ndoo, mawe, chumvi, siku doa linapopotea. Dakika moja tu, kinywa kimoja kilichosoma.

"Mama," akasema, "miye iko munganga wa nyama. Mambo ya famille haina vaccin, haichanjwe."

Akacheka. Ilikuwa nzuri, nakubali. Huyo ni wa tatu. Mchungaji hakujua, shemeji hakusikia, lakini huyu alijua na alisikia na alikaa kivulini. Na bia ya shemeji alikuwa amekwisha kuinywa.

Mengine mnayajua. Nikaomba chumvi, nikamla rafiki yangu wa tumbo juu, sikufa, nikahukumiwa. Tonton aliyeahidi pardon akavaa koti lake. Jioni haijafika godoro langu lilikuwa kwenye pirogi, mtumbwi wa kuvukia mto, mimi nimekaa juu yake, na shemeji hakutoka hata kunitazama, alikuwa anabadilisha maji ya mwekundu. Lubunga nikapokewa na mama mmoja tuliyeuza naye soko moja zamani, mjane kama mimi. Alinipa kona ya chumba, hakuuliza kitu. Ningeishia hapo. Kwa kweli ningenyamaza, nimenyamazia makubwa kuliko haya.

Lakini juzi alivuka mama wa makala, jirani yetu wa kule, akaja mezani kwangu sokoni, akaweka kikapu chini kabisa ili aweze kucheka vizuri.

"Ee mama! Habari imefika kwako? Shemeki yako alinunua samaki ingine, mingi, kwa ajili ya sikukuu ya mutoto. Akatia na ule mwekundu. Ile saa ile, unga!"

"Unga?"

"Unga kabisa! Bote beupe! Na weye hauko pale!"

Alicheka mpaka kitenge kikalegea. Mimi sikucheka bado. Nilikuwa nangoja. Nilijua kuna mkia.

"Na banasema nini?" nikauliza.

Akaacha kucheka. Akapanga mafungu yangu ya pondu ambayo hayakuhitaji kupangwa.

"Banasema... unatuma. Unatuma kwa maji ya mto."

Mto Kongo! Mto ambao mvuvi mzima na nyavu zake na watoto wake hawezi kupeleka samaki anapotaka, mimi napeleka vidudu visivyoonekana, vinavuka, vinapanda bandarini, vinaingia Makiso, mtaa wa shemeji, vinatafuta lopango, vinapita mlango wa mbele. Sasa kweli nimepandishwa cheo kuliko shemeji.

Hilo ningeweza kucheka. Lakini maneno yale hayakuishia kwa mama wa makala. Yalivuka naye kwenye pirogi, pamoja na wote waliokuwemo. Tangu wiki hii mama aliyenipokea anafunika sufuria yake na kuweka jiwe juu. Jana akaniuliza, hakunitazama usoni, kama mwanangu wa Buta bado ana nafasi. Wateja wawili wa pondu wamehamia meza ya pili. Nimefukuzwa chumba kimoja kwa sababu ya samaki, sasa chumba cha pili kinanitoka, na samaki wenyewe sijawatia machoni tangu nitoke.

Kwa hiyo ninaandika. Aliyesoma awasomee wasiosoma.

Shemeji, nataka kikao. Viti vilevile vya plastiki, kitambaa kilekile cha kufuma, jamaa walewale wote, tonton na koti lake na saa yake. Mchungaji aje, nitampikia kuku. Daktari aje na bia yake. Mimi nitavuka mwenyewe, mchana, mbele ya watu. Na safari hii wewe ndiye utakayekaa mbele ya kimeza, ujibu: nani alimtoa yule samaki mwekundu Kinshasa akamshika kifuani? Nani aliambiwa ndoo akakataa? Nani alimpitisha mlango wa mbele siku ileile mke wa ndugu yake alikuwa nyuma ya jiko? Ukinijibu kwamba ni mimi, sawa. Wamtoe huyo mwekundu wako kwenye kioo, wamkaange, wamweke kwenye sahani ya bati, nawe ule mbele yetu, tuone utaanguka au hutaanguka, na vyovyote itakavyokuwa tutakuhukumu kama mlivyonihukumu. Kama hutaki kula, basi simama, useme mbele ya walewale kwamba mke wa ndugu yako si mchawi, ulisema uongo, na useme kwa sauti ivuke mto.

Jibu. Chumvi nitakuja nayo.